Kidole Kilichoitwa Kaskazini

Antandu Ongoiba ni mtumwa wangu. Naliandika hilo mwanzo kabisa, asije mtu akasema nililisahau. Yeye ni Mdogon, mtu wa majabalini, mla vitunguu. Mimi Pinda Famanta ni Mbozo, mtu wa mtoni, na baina ya Wadogon na Wabozo kuna utani wa tangu na tangu. Naye akiulizwa atasema mimi ndiye mtumwa wake, kwamba alinipata kwa kubadilishana na kapu la vitunguu vilivyooza, na bado akaona amepunjwa. Msimsikilize.

Tunaishi Kasablanka, nyuma ya soko la Bab Marrakesh. Mimi nauza samaki wakavu, yeye anashona viatu hatua chache kutoka kwangu. Alitoka kwao mwaka wa ukame mkubwa, ng'ombe walipokuwa wanakufa wamesimama, nia yake kwenda Ufaransa. Alipofika hapa kiatu chake kikakatika. Akakaa chini kukishona. Mtu akapita akamwambia, hebu na changu, na mpaka leo hajanyanyuka. Mwulize kama anaishi hapa, atakukasirikia: "Mimi? Mimi nipo safarini." Mtu yupo safarini ameoa, amezeeka, amefukuzwa nyumba mbili za kupanga, na bado yupo safarini.

Mkewe ni Mmoroko, Lalla Zuhur, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Siku ya harusi yao nilijilaza mlangoni nikasema bwana harusi ni mali yangu, haingii mtu mpaka nipewe kuku mzima. Ndivyo mtani afanyavyo. Lalla Zuhur akanipiga kofi. Baadaye akaelezwa, akaja kuniomba radhi, na kuku nikapata, lakini wa jana.

Sasa, huyu Antandu hajakanyaga nchi yetu tangu aondoke, lakini anaitawala. Kibanda chake ni ikulu. Kuna redio imefungwa kwa uzi wa viatu, na kuna benchi la baraza la mawaziri, yaani wateja wanaosubiri. Binti wa Kisenegali anayesuka nywele ni waziri wa mambo ya nje, maana yeye ni mtu wa nje. Mguinea anayeuza vifuniko vya simu ni waziri wa ulinzi, ana vifuniko vigumu. Kila jeshi likichukua nchi kule kwetu, Antandu naye anawafukuza mawaziri wake wote hapa, anaweka benchi katikati ya njia, na mtu hapiti mpaka jioni. Ukiwa na kiatu chako ndani, kimetaifishwa.

Nilimwomba uwaziri wa samaki.

"Mbozo awe waziri?" akasema. "Utauficha mto mzima chini ya gauni, tuamke tukute mchanga."

Ana mawazo yake juu ya kwetu, na yote si ya kijinga, ingawa yametoka kwa Mdogon. Anasema nchi haikuharibiwa na wezi, maana wezi walikuwapo tangu zamani na walikuwa na adabu zao. Iliharibika siku watu walipofupisha salamu. Kwao Wadogon kusalimiana ni safari. Unaulizwa hali yako, ya mkeo, ya watoto, ya mbuzi, ya shamba, ya waliolala, ya walioamka, na wewe unaitikia moja moja, halafu unaanza kumwuliza yeye yote hayo. Kwa hiyo Antandu alitunga sheria: mwanajeshi anayetaka kumpindua rais lazima kwanza amsalimie salamu nzima ya Kidogon. "Akifika kwenye mbuzi," anasema, "hasira imekwisha. Akimaliza atakuwa amesahau alichofuata. Atabaki kula."

Hilo nalikubali. Sijamwambia.

Basi kule kaskazini kwetu kulipoanza vita vya watu kutaka kujitenga, Antandu alisimama juu ya benchi akaapa kwa wazee wake kwamba hakitakatwa hata kipande kimoja cha nchi, si leo, si kesho, yeye akiwa hai. Lalla Zuhur akamwambia shuka, benchi limeoza. Aliposhuka alikanyaga msumari wa viatu.

Fundi viatu huyu havai viatu. Huvaa kandambili, kidole gumba kimechungulia nje kama mpelelezi. Msumari ukaingia humo. Na yeye ana ugonjwa wa sukari, na chai ya nanaa anainywa tamu mpaka nyuki wanamjua. Kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikawa cha zambarau, kikawa cheusi. Akakifunga kwa ngozi ya kiatu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kilichomuumbua ni harufu, na mimi muuza samaki ndiye niliyeisikia, pimeni wenyewe ilikuwa harufu gani.

Ijumaa tukampeleka hospitali, mimi na Lalla Zuhur, huku na huku kama tunasindikiza mwali. Daktari alikuwa binti mwenye macho ya usingizi, mpole. Akafungua ile ngozi, akatazama, akafunga pua kwa heshima.

"Baba, hiki kikatwe."

"Hakikatwi," Antandu akasema.

"Kimekufa, baba. Hakikusaidii kitu."

"Na jangwa je? Halilimwi, halina mto, watu wake wananitukana. Nilikate?"

Daktari akanitazama mimi. Nikatazama ukuta.

"Jangwa gani, mzee wangu?"

"Mwanangu, mwili ni nchi. Kichwa ni mji mkuu, hakina kitu ndani lakini ndicho kinachosema. Tumbo ni kusini, huko ndiko chakula. Hiki kidole ni Kaskazini. Niliapa hadharani. Leo utakata Kaskazini, kesho kifundo kitasema nami nataka kujitenga, kesho kutwa goti lina bendera yake. Ukianza kukata utaishia wapi?"

"Usipokata," daktari akasema, "kitaishia hapo kwenye goti chenyewe."

Kisha akamgeukia Lalla Zuhur, akamwuliza kwa sauti ndogo: "Mzee ana homa?"

"Hana homa," Lalla Zuhur akasema. "Ana nchi."

Daktari akatueleza wazi, na mimi nawaeleza kama alivyosema. Jumatatu asubuhi awe pale. Akija Jumatatu, ni kidole. Akichelewa, weusi utapanda, utakatwa mguu. Akichelewa zaidi hatakuwa na cha kumkata, atakuwa na wa kumwosha. Na asikanyage joto, asiende hamamu kuoga mvuke, asiguse sukari.

Antandu akamshukuru vizuri sana, akamwahidi uwaziri wa afya, akaondoka.

Njiani Lalla Zuhur alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono tangu lile kofi.

"Dada," akaniambia, "mimi ni mkewe tu. Hanisikii. Nyie mnasema jambo likiombwa kwa utani halikataliwi. Kweli au kelele zenu?"

"Kweli. Mtani akikuomba kwa utani, ukikataa, hata mvua ya kwenu inakukataa."

"Basi nenda kamwamrishe. Nikibaki mjane nitahamia kwako na kelele zangu zote."

Jumamosi nikavaa gauni langu la nili, nikafunga kilemba, nikaenda ikuluni. Benchi lilikuwa limejaa. Nikasimama mbele yake.

"Wewe mla vitunguu, tumwa lisilo na bwana, nyanyuka nikuone."

"Wee Mbozo, nilisikia harufu nikadhani bahari imehama. Kumbe ni wewe umeoga."

"Baba yako alishuka jabalini kuja kwetu kutafuta suruali."

"Na wako alikuwa ameivaa ile suruali kichwani, akidhani ni wavu."

Benchi zima likacheka. Nikaona sasa moyo wake ni mweupe, ndio wakati. Nikasema, "Antandu Ongoiba, kwa utani wa wazee wetu nakuomba ..."

"Simama hapo hapo!" Akainua nyundo. "Kabla hujamaliza. Baina yetu kuna damu?"

"Hakuna."

"Mbozo akimtoa Mdogon damu inakuwaje?"

Mawaziri wakanitazama.

"Waambie hawa, maana wao ni wageni. Inakuwaje?"

"Ni mwiko," nikasema. "Hata ya pua. Nyumba yake inabomoka na mto unamkana."

"Ahaa. Na wewe unataka kuniomba nikubali kisu. Kisu kitatoa juisi ya machungwa? Neno litakuwa lako, damu itakuwa yangu. Mdomo wako ndio utakuwa umenikata. Haya, maliza kuomba! Omba nikusikie!"

Alichosema ni kweli. Mwiko ni mwiko. Nikageuka nikaenda zangu, na nyuma yangu nasikia redio imeongezwa sauti na mtu anaagiza chai, "iwe tamu, tumeshinda!"

Tumeshinda! Mguu unamwoza, ameshinda.

Jumapili asubuhi nilikuwa kwenye meza yangu nakata samaki, na nilikuwa nawakata kwa hasira, vipande vinaruka. Mteja mmoja akasema, "Mama, unamkomoa nani? Mimi nimekuomba kipande tu, sikukutuma uue mtu." Nikasimama na kisu mkononi. Kipande tu. Akili ikanijia kama mtu aliyepiga hodi. Nikampa yule mteja samaki mzima, nikampigia simu Lalla Zuhur, nikamwambia nimepata njia, mshike mumeo hapo nyumbani nakuja.

Lalla Zuhur ni mwanamke wa maneno machache, lakini hayo machache hakuweza kuyazuia. Akamwambia Antandu, "Keti. Pinda amepata njia." Antandu hakuuliza ni njia gani. Anajua wazi, neno la utani likishamfikia masikioni hana pa kwenda. Akachukua donge la nta anayopakia uzi wa viatu, akaligawa mara mbili, akaziba masikio yote mawili, akachukua taulo, akatoka akichechemea mpaka hamamu ya mtaa. Asubuhi ni zamu ya wanaume. Mwanamke hakanyagi. Mahali pa joto, daktari alipomkataza, ndipo alipojificha. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili hata lilikuwa limezibwa.

Nilipokuja Lalla Zuhur akanieleza, tukamfuata. Tulipofika mlangoni, msimamizi wa hamamu, Haji Buaza, alituzuia kwa mikono miwili.

"Mama, humu mna wanaume wako uchi."

"Haji, mimi namtaka mmoja tu."

"Hata mmoja!"

Basi nikakaa kwenye kizingiti. Joto linatoka mlangoni linanipiga mgongo, nami nawaza ule mguu humo ndani. Nilicheka sana katika habari hii, lakini pale sikucheka. Lalla Zuhur alikuwa amejiegemeza ukutani amefumba macho, midomo inatembea.

Lakini hamamu ina sheria yake ambayo Mdogon aliisahau. Adhuhuri zamu inageuka. Wanawake wakaanza kuja, na ndoo zao, na sabuni nyeusi, na watoto, na mikeka, mpaka njia ikajaa. Haji Buaza akapiga makofi ndani, "Wanaume nje! Wanaume nje!" Wakatoka mmoja mmoja, vichwa vimeinama. Antandu hakutoka. Wanawake wakaanza kugonga ndoo. Ndoo za wanawake wa Kasablanka zikigongwa pamoja, jeshi linaweza kukimbia. Haji akaingia, tukasikia mabishano, sauti ya Antandu ikisema yeye ni mkimbizi wa kisiasa, halafu akasukumwa nje.

Alikuwa na taulo tu. Kashikilia mbele kwa mkono huu na nyuma kwa mkono huu, mguu mmoja kauinua kama korongo. Mvuke unamtoka kichwani. Akaniona.

"Sisikii!" akapiga kelele. "Sema utakavyo, sisikii!"

Lalla Zuhur akamwendea, taratibu, akashika sikio la kulia. Antandu akataka kuzuia. Lakini mikono ni miwili na taulo ni moja. Akafikiri. Nilimwona akifikiri, kama rais anayechagua baina ya ikulu na benki. Akachagua taulo. Lalla Zuhur akatoa nta ya kulia, akatoa ya kushoto, akaitia mfukoni.

"Haya dada," akasema. "Mji uko wazi."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, maana jambo la utani halinong'onwi.

"Antandu Ongoiba! Mwaka wa njaa, wazee wetu walikuwa safarini pamoja. Mtoto wa Kidogon alikuwa anakufa, hakuna samaki, hakuna mtama, hakuna hata kile kitunguu chenu. Babu yangu Mbozo akaenda pembeni, akakata nyama ya paja lake mwenyewe, akaichoma, akamlisha yule mtoto. Kweli au uongo?"

"Kweli," Antandu akasema. Mdogon yeyote husema kweli hapo. Ndipo utani wetu ulipozaliwa.

"Mtoto alipona?"

"Alipona. Ndiye sisi."

"Basi leo mimi ndiye mwenye njaa. Sikuombi ukatwe. Sijataja kisu, sijataja daktari. Kwa utani wa wazee wetu nakuomba nyama. Paja sitaki, limekauka. Nipe kidole."

Wanawake wakashusha ndoo chini. Mmoja akauliza, "Anasema nini huyu mama?" Mwenzake akamjibu, "Anataka kumla bwana wa Zuhur." "Hadharani?" "Hadharani, na taulo."

"Na damu?" Antandu akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Babu yangu alipokata paja lake, nani alimwaga damu? Yule mtoto? Alitoa mwenyewe. Nawe toa mwenyewe. Anayetoa hamwagi."

"Na Kaskazini? Nimeapa nchi haitagawanywa."

"Nani amekwambia ugawanye? Nchi ikimchinjia mgeni mbuzi, imegawanyika? Nimesema unipe. Au Wadogon wanajua kula tu, kulisha hawajui?"

Hapo nilimshika. Mtu yule atavumilia kuitwa mtumwa, mwizi, mnuka vitunguu. Mchoyo wa chakula hawezi. Macho yake yakawa mekundu. Akasema ni mvuke.

"Kipi?" akauliza.

"Hicho cheusi."

"Mbozo! Una vidole kumi mbele yako, unachagua kilichooza!"

"Vyote sawa. Ni vya Mdogon."

"Chukua," akasema. "Nimekupa. Chukua na ukale, na kikukwame."

Wale wanawake, ambao sidhani walielewa hata nusu, wakapiga vigelegele mpaka Haji Buaza akaja kutazama nani anaolewa.

Jumatatu tulikuwa hospitali kabla milango haijafunguliwa. Daktari alifurahi, akauliza nini kimembadilisha mzee. Antandu akaninyooshea mkono. "Huyu mama ana njaa."

Halafu akasema hatalala kitandani mpaka ijulikane kwamba kidole kitafungwa vizuri nikabidhiwe. Daktari akasema haiwezekani, sheria ya hospitali, vitu kama hivyo huchomwa. Antandu akaanza kuvaa shati. "Basi si zawadi, ni kukatwa. Narudi kwangu." Lalla Zuhur akamvua shati, Antandu akalivaa tena. Yule binti masikini akasimama katikati yetu, akasugua macho yake ya usingizi, kisha akanigeukia mimi kama kadhi anayefungisha ndoa.

"Mama Pinda Famanta. Kidole hiki, umekipokea?"

"Nimekipokea."

"Kikiwa bado kipo mguuni?"

"Kikiwa mguuni. Nimekipokea, nimekila, nimeshiba. Kilichobaki pale ni mifupa tu, fanyeni mpendavyo."

"Wabozo!" Antandu akasema, akijilaza. "Hawajui hata kutafuna."

Wakamsukuma ndani. Mimi na Lalla Zuhur tukakaa kwenye viti vya chuma. Yeye akatoa mfukoni ile nta, akaifinyanga, akaifinyanga, ikawa laini kama unga. Daktari alipotoka alituonyesha kidole kimoja kilichonyooka juu, chake mwenyewe, maana yake ni kimoja tu, mguu upo. Lalla Zuhur akanikumbatia kwa nguvu hata kilemba kikaanguka.

Hivyo Antandu Ongoiba yu hai, anatembea, amerudi ikuluni, na mimi nimekwisha. Maana sasa kila mteja anayekaa kwenye lile benchi anaambiwa, "Mnamwona yule muuza samaki? Alinila." Watoto wa mtaa wakipita kwenye meza yangu wanaficha vidole. Nikimtukana mtumwa, ananiuliza kilikuwa na chumvi ya kutosha? Wabozo tulikuwa mbele kwa tusi moja tangu siku ya lile paja, na mimi ndiye niliyekula ushindi wa ukoo mzima. Kaka yangu wa Mopti amenipigia simu kuniuliza kama ni kweli.

Na si hayo tu. Antandu ametangaza kwamba Kaskazini haikujitenga, imehama, ipo tumboni mwangu, na kwa hiyo tumbo langu ni ardhi ya nchi. Kila asubuhi anakuja na mkongojo wake kulikagua. Nikila pizza, ananiambia nimeingiza majeshi ya kigeni.

Juzi nilimwambia nataka kwenda kwetu mara moja, kuwaona watu wangu kabla sijafa. Nilidhani atatukana. Akazungusha kiatu cha mtu mkononi.

"Utapita Mopti?" akauliza.

"Nitapita wapi kwingine? Ndiko kwetu."

"Ukifika, panda kidogo mpaka kwetu majabalini. Simama pale panapoonekana mashamba ya vitunguu. Simama vizuri, uelekeze tumbo. Kikaone kwao."

"Nitasimama," nikamwambia, "lakini nitaelekeza mgongo."

"Mgongo pia ni sawa," akasema. "Kwa Mbozo hakuna tofauti."

Nimepeleka gauni la nili kwa fundi, alipanue kidogo tumboni.